Mkopo umepangwa, mtoto hajasajiliwa, hela haiji: hivi tunachezewa?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kusubiri zipoe.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, sisi ni watu wa hapa hapa Tanga. Akaomba mkopo wa chuo kikuu Bodi ya Mikopo. Mlolongo wake mnaujua: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo), fomu isainiwe serikali ya mtaa, iende kwa wakili au hakimu, mdhamini atoe picha na kitambulisho, elfu 30 ya maombi ilipwe. Hapo sina neno, nchi lazima ijue inamkopesha nani. Majina yakatoka, akawemo. Akaenda kufungua akaunti yake ya SIPA (ile ya mtandaoni ya Bodi, ya kuangalia mkopo wako) kwenye steshenari moja Ngamiani, akakuta kapangiwa chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na sehemu ya ada. Kijana wa steshenari akampa hongera, akapiga picha skrini ya kompyuta, akamtumia. Mtoto naye kwa furaha akairusha kwenye grupu la familia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mjomba wa Pongwe, ambaye alikuwa ameshaahidi mchango wake, akaandika: "Alhamdulillah, serikali imeshambeba mwanetu." Basi, mchango ukaishia hapo. Shangazi wa Makorora akapika pilau, lakini bahasha aliyokuwa ameiweka pembeni ikaenda kununua bati za chumba cha uani. Ukoo mzima ukakata kanzu na mtoto hajazaliwa. Na siwalaumu, mtu akiona tarakimu za malaki pembeni ya jina la mwanawe ataelewa nini zaidi ya kwamba hela ipo?

Hela haipo, wakuu. Ipo kwa masharti, na masharti hayo hakuna aliyetukalisha chini kutueleza. Kama umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uwe umethibitisha kimoja. Uripoti. Usajiliwe. Chuo kiseme huyu mtu yupo na anasoma. Usaini, na akaunti ya benki iwe na majina yako sawasawa, maana herufi ikipishana tu na cheti cha kidato cha nne utaimba. Ada haipiti mkononi mwako, inakwenda chuoni moja kwa moja. Ukihama chuo, mkopo unasubiri uhamisho ukubaliwe. Na usidhani ukishavuka mwaka wa kwanza umemaliza, kwa sababu mwaka wa pili hela inasubiri matokeo yako yatoke chuoni. Umedisko, yaani umefeli chuo kikakuondoa, umekwisha.

Sawa, masharti yote hayo yana akili yake. Hela ya umma haiwezi kumfuata mtu ambaye huenda hata chuoni hakufika. Kinachoniua ni hiki.

Chuo cha huyu mtoto (sikitaji, sitaki modi afute uzi) ada yake ni 1,500,000 kwa mwaka. Mkopo umebeba 900,000. Wao wanataka ile 600,000 iliyobaki yote iingie kabla ya kusajiliwa. Juu yake bima ya afya 50,400, na ile 20,000 ya ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na kitambulisho, na mchango wa serikali ya wanafunzi, na vingine ambavyo hata risiti yake sijaielewa. Usipolipa, hakuna usajili. Bila usajili, hakuna kusaini. Bila kusaini, hakuna bumu, yaani ile hela ya kula na malazi. Na sisi bumu ndilo tulilokuwa tunalihesabu alipopanda basi pale Kange na begi na ndoo yake.

Alinipigia akiwa kwenye foleni, simu imefunguliwa spika, nikasikia kila kitu. Kwanza dirisha la mikopo. Dada wa pale anamwambia, "Mdogo wangu, jina lako silioni kwenye waliosajiliwa, nenda uhasibu." Kaenda uhasibu. Kaka wa uhasibu, bila hata kuinua macho (hili kaniambia mwenyewe baadaye), anasema, "Lipa pengo, halafu urudi." Akamwonyesha mkopo kwenye simu. Jibu: "Hiyo ni ya Bodi, mimi nataka ya kwako." Mtoto akarudi dirisha la mikopo akakuta limefungwa, kuna karatasi imebandikwa kwa gundi: MASUALA YA BUMU SAA 8 HADI SAA 9 TU. Saa moja kwa siku! Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamejaa ukumbi mzima, mnawapa saa moja?

Sasa hivi anabebana na rafiki yake wa Muheza kitanda cha futi mbili na nusu, na anakula cha huyo rafiki, ambaye naye si tajiri, mzee wake anauza machungwa. Hela ya kula ya Bodi ni 10,000 kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, siku 60 ni 600,000. Mtu anadaiwa 600,000, na 600,000 yake inamsubiri aanze kwa kulipa 600,000. Nani alikaa akapanga hivi akaona kimekaa sawa?

Najua watakuja wa kusema "ni mkopo, siyo sadaka." Ndiyo, tunajua! Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Sasa mtu anayekuja kulipa hivyo si ndiye wa kuheshimiwa dirishani?

Chuo kinajua fika kwamba kapangiwa, na 900,000 itaingia kwao wenyewe. Kinashindwa nini kumsajili, pengo akalilipa kwa mihula miwili? Vyuo vya kupokea ada kwa muhula vipo, hilo siyo jambo la kuombea dua. Na ninyi wa steshenari, kabla ya "hongera umetoboa", mwambieni mteja aandae hela ya usajili, hizo dakika mbili hazitawafilisi.

Mjomba nimempigia. Anasema nimemficha, eti mkopo umetoka nami nataka kula hela yake. Tumefika huko.

Kama kuna mtu mdogo wake alisajiliwa kwa barua ya ahadi ya malipo, aweke hapa iliandikwaje na ilipelekwa kwa nani: mhasibu, mshauri wa wanafunzi, au mkuu wa chuo mwenyewe. Wale wa "mbona sisi tulisoma bila mkopo", uzi wenu mwingine, siyo huu.