Maua ya kuliwa kwenye ndoo na makopo: nianze na mbegu zipi hapa Dar es Salaam?

Mwokaji wa Sinza

Salaam kwenu nyote. Ninaoka keki za harusi na za sikukuu nikiwa nyumbani, na wateja wengi sasa wanataka keki zipambwe kwa maua halisi yanayoweza kuliwa, si yale ya sukari wala ya plastiki. Maua ya madukani siyaamini, kwa sababu hayakulimwa ili yaliwe, na muuzaji mwenyewe hawezi kunieleza yamepuliziwa nini. Nimekusudia kuyaotesha mwenyewe kutokana na mbegu, juu ya paa la zege la nyumba tunayoishi, ambalo linapigwa na jua tangu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Ninazo ndoo za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kupikia pamoja na makopo madogo kadhaa. Maji ninayotumia ni ya kisima, na yana chumvi kidogo.

Dukani nimeona pakiti za mbegu za nasturtiamu, kalendula na viola, lakini sijanunua hata moja. Ningependa kujua kwanza kama mimea hiyo inavumilia joto la huku, kila mmoja unahitaji chombo cha ukubwa gani, na ni muda gani unapita tangu kusia mbegu hadi kuchuma ua la kwanza. Naomba pia mnieleze ni maua gani ya bustanini ambayo sipaswi kabisa kuyaweka juu ya chakula.

Bustani ya Ghorofani, Nairobi

Dada, mimi ningekushauri uanze na nasturtiamu bila kusita. Asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, na kati ya maua yote ya kuliwa sijui jingine linaloota kwa urahisi namna hiyo. Mbegu zake ni kubwa, hata mtoto anaweza kuzipanda. Ziloweke usiku kucha, kisha uzifukie kina cha sentimita moja na nusu hivi, moja kwa moja kwenye chombo ambamo mmea utakaa, kwa maana mizizi yake haipendi kuhamishwa. Huota baada ya wiki moja hadi mbili, na ua la kwanza hutokea yapata miezi miwili baada ya kupanda. Kopo la lita nne au tano linatosha mche mmoja wa aina fupi, lakini ile inayotambaa inataka chombo kikubwa zaidi na mahali pa kuning'inia.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba nasturtiamu haitaki udongo wenye rutuba nyingi. Ukiipa samadi kwa ukarimu, itakuletea majani mapana ya kupendeza na maua mawili matatu tu, kwa kuwa naitrojeni nyingi huusukuma mmea kwenye majani. Ua lake lina ukali unaofanana na wa haradali, kwa hiyo kwenye keki ya vanila usizidishe, ila kwenye kachumbari au juu ya keki ya jibini linafaa sana. Majani yake pia huliwa, na mbegu zilizo bichi watu huzitia kwenye siki kama achari. Adui yake mkubwa ni vidukari, ambao hujazana chini ya majani na kwenye vikonyo vya maua, na hao huwaondoa kwa maji ya kurusha kwa nguvu kila asubuhi.

Kalendula nayo inafaa. Mbegu zake zimejikunja, na zinataka giza ili ziote, basi zifunike vizuri kwa udongo. Huliwa petali peke yake, na petali hizo zikichemshwa pamoja na wali huupa rangi ya manjano.

Bibi wa Pongwe, Tanga

Mwanangu wa Sinza, aliyetangulia amesema kweli tupu kwa mtu anayeishi Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 na mahali ambapo usiku wa Julai unataka blanketi. Kwako wewe, juu ya paa la zege la Dar es Salaam mwezi wa Januari au Februari, nasturtiamu itanyauka mchana, ikatae kutoa maua, na hatimaye ikauke hata kama unaimwagilia mara mbili kwa siku. Kama unaitaka, ipande mwishoni mwa Mei wakati masika yanaisha, ili maua yaje ndani ya kipupwe, na uiweke mahali penye kivuli baada ya saa sita. Kalendula itakubali au itakataa kwa sharti hilohilo. Viola iache kabisa, kwa sababu mbegu zake zinataka ubaridi hata kuota, na joto la pwani halitaupa mche nafasi.

Mimi ningeanza na mimea inayopenda jua la huku, na wa kwanza wao ni choya, ambayo wengine huiita rozela. Ni ndugu wa bamia, na wewe unaifahamu kwa juisi yake nyekundu. Kinacholiwa hasa si petali, bali ni yale majani manene mekundu yanayolikumbatia tunda baada ya ua kufunga. Loweka mbegu usiku mmoja, sia mbili au tatu katika kila ndoo ya lita 20, kisha ubakize mche mmoja ulio imara, kwa maana mmea huu hupita kimo cha mtu na hauvumilii kubanana. Ukifika kimo cha goti, kata kilele chake ili utoe matawi, kwani kila tawi ni maua zaidi. Choya hutoa maua siku zinapokuwa fupi, na ndiyo maana katika nchi za mbali na ikweta watu husubiri hadi mchana ufupike kuelekea majira ya baridi. Kwetu mchana hauzidi sana saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo usiogope. Ua hufunguka asubuhi moja tu na kujikunja siku hiyohiyo, na baada ya siku kumi hivi utachuma kikombe chake kikiwa bado laini. Ukisubiri hadi tunda la ndani likauke, kitakuwa kigumu kama ngozi. Kwa jumla hesabu miezi minne au zaidi tangu kusia, na usiipande kwenye udongo uliotoka kulimwa bamia au nyanya, kwa sababu minyoo ya mizizi iliyobaki humo itaishambulia choya vilevile.

Wa pili ni klitoria, ule mmea utambaao wenye ua la buluu iliyokolea, ambao wataalamu huuita Clitoria ternatea. Ni wa jamii ya kunde, hivyo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini na hauhitaji mbolea nyingi. Ganda la mbegu yake ni gumu mno. Usipolikwaruza kwa msasa upande mmoja kisha ukaloweka mbegu kutwa nzima, utakaa wiki nyingi ukitazama udongo mtupu. Chombo cha lita kumi kinatosha miche miwili, mradi uipe kamba au fito za kupandia. Kila ua hudumu siku moja, lakini mmea ukishaanza, ambayo ni ndani ya miezi miwili hadi mitatu, utachuma karibu kila asubuhi. Tumia ua tu. Mbegu na mizizi yake huharisha, kwa hiyo usiwaachie watoto maganda yaliyokauka, na mteja mjamzito mweleze kilichomo ili aamue mwenyewe.

Makopo madogo yatie mrehani. Watu hukata mashina yake kabla hayajatoa maua, nao hawajui kwamba vile vishada vyeupe na vya zambarau ni vitamu kuliko majani, na juu ya keki ya limau vinakaa vizuri ajabu. Mbegu zake nyunyiza juu ya udongo na uzigandamize kidogo bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga.

Kuhusu maji yako ya chumvi, hilo ndilo litakalokusumbua zaidi kuliko joto. Miche michanga imwagilie maji ya mvua au ya bomba, na mimea iliyokomaa ndiyo uipe ya kisima. Kisha mara moja kwa wiki mbili, mimina maji matamu mengi kwenye kila ndoo hadi yatoke chini kwa wingi, ili chumvi iliyojikusanya ioshwe. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, ujue umechelewa kufanya hivyo. Mchanga wa pwani usiutie kwenye mchanganyiko kwa sababu hiyohiyo. Chukua udongo wa juu, mboji iliyooza sawasawa, na sehemu moja ya pumba za mpunga au usumba wa nazi uliooshwa, upate udongo mwepesi unaoshika unyevu bila kutuama.

Afisa Ugani Mstaafu, Morogoro

Bibi amemaliza habari ya kilimo, nami nitaongeza machache kuhusu usalama. Maua ambayo hayapaswi kugusa keki, hata kwa mapambo yatakayoondolewa kabla ya kula, ni pamoja na oleanda, mnanaha (yaani datura, si mnanaa wa chai), alamanda, lantana, na vinka, yale maua ya pinki na meupe yanayooteshwa mbele ya nyumba nyingi za mijini. Yote hayo yana sumu. Kama hulijui ua kwa jina lake la kisayansi, chukulia kwamba haliliwi.

Umefanya vyema kuyakwepa maua ya dukani. Waridi linalolimwa kwa ajili ya vyombo vya maua, likiwemo lile la mashamba makubwa ya Naivasha, hupuliziwa dawa zinazoruhusiwa kwa mimea ya mapambo, na muda wa kusubiri baada ya kupulizia haukupangwa kwa kumfikiria mlaji. Tahadhari hiyohiyo inahusu miche inayouzwa barabarani ikiwa tayari ina maua, kwa sababu dawa nyingine huingia ndani ya mmea na kukaa humo kwa majuma mengi, na kuosha petali hakuziondoi. Hata pakiti ya mbegu itazame: mbegu zenye rangi kali isiyo ya asili, kama pinki au buluu, zimepakwa dawa ya kuvu, basi tafuta ambazo hazikupakwa. Wadudu wakija, tumia maji ya sabuni kidogo au maji ya mbegu za mwarobaini, na usichume siku uliyopulizia.

Ndoo za mafuta ya kupikia ni nzuri, ila za rangi ya ukutani au za viuatilifu usizitumie hata ukiziosha mara kumi. Toboa matundu matano au sita chini yake. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kuzidi kilo 25, kwa hiyo zipange kwenye paa mahali ambapo chini yake kuna kuta na nguzo za nyumba, usizikusanye katikati ya paa. Na visahani vya kukinga maji chini ya ndoo vimwage angalau mara moja kwa wiki. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda hasa maji machache yaliyotuama kwenye vyombo vya namna hiyo.

Miche ikianguka ghafla ikiwa imekatika usawa wa udongo, hicho ni kinyausi. Hakina tiba kwa mche ulioanguka. Punguza maji, ipe hewa, na usisie mbegu kwa msongamano.

Mwokaji wa Sinza

Bibi, shikamoo, na ahsanteni nyote. Nitaanza na choya, klitoria na mrehani, na nasturtiamu nitaisubiri hadi Mei. Yamebaki mawili. Nilitegemea kalendula kwa rangi ya manjano na chungwa. Je, kuna mbadala unaovumilia joto? Pia ningependa kutumia klitoria kupaka rangi krimu ya keki, lakini nimesikia rangi yake hubadilika.

Bibi wa Pongwe, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kwa manjano panda tageti, yale maua ya rangi ya chungwa yanayotungwa mashada, nayo hustahimili jua la pwani vizuri. Aina yenye maua madogo iitwayo Tagetes tenuifolia ndiyo yenye ladha nzuri zaidi, inayokaribia ya limau. Zile kubwa hutoa harufu kali, kwa hiyo nyunyiza petali chache tu. Ng'oa petali na ukate ile sehemu nyeupe ya chini, maana ndiyo chungu. Kopo la lita tatu linatosha mche mmoja.

Rangi ya klitoria hubadilika kwa kweli. Ikikutana na limau au maji ya ukwaju hugeuka zambarau, na ikikutana na magadi huelekea kijani. Kwa hiyo usiichanganye kwenye unga wa keki wenye magadi ukitarajia buluu. Loweka maua makavu kwenye maziwa ya moto machache, chuja, yaache yapoe kabisa, ndipo uyatie kwenye krimu ya siagi, ambayo haina uchachu wa kuibadilisha. Kukausha maua, yatandaze kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huifisha rangi.

Choya yako usiichemshe kwenye sufuria ya alumini, maana uchachu wake huila. Tumia chuma kisichoshika kutu.

Bustani ya Ghorofani, Nairobi

Nakubaliana na Bibi kuhusu joto. Kumbe nilikuwa nikilifikiria paa langu. Dada, nasturtiamu na vishada vya mrehani chuma asubuhi mapema umande ukishakauka, uvitumbukize kwenye maji baridi na kuvitoa mara moja ili wadudu watoke, kisha uvipange bila kulaliana kwenye chombo chenye kifuniko, juu ya kitambaa chenye unyevu, ndani ya friji. Vitakaa siku mbili au tatu. Ua la klitoria likiwa bichi litumie siku hiyohiyo. Kwenye keki, viweke dakika za mwisho kabla ya kuikabidhi, maana unyevu wa krimu hulainisha petali.

Afisa Ugani Mstaafu, Morogoro

Na mteja ambaye hajawahi kula maua, hasa mwenye pumu au mzio wa chavua, mwambie mapema. Kwenye maua makubwa toa sehemu ya katikati yenye chavua kabla ya kuyapanga.