Nimepangiwa kazi Kakonko, mtumishi anasema si mapenzi ya Mungu. Naombeni ushauri

Binti_wa_Mbagala:
Shalom wapendwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Tangu nimalize chuo najitolea shule moja hapa Dar kwa posho ya nauli tu. Sasa jina langu limetoka Ajira, nimepangiwa sekondari wilayani Kakonko, Kigoma. Mama kafurahi mpaka kachinja kuku.

Shida ilianza nilipoomba kuombewa safari. Mtumishi anayeongoza maombi ya usiku alinishika kichwa akasema ameona giza upande wa magharibi, nisiende, Mungu ana jambo kubwa zaidi hapahapa mjini. Jambo gani, hakusema.

Nimefunga, nimeomba ishara. Juzi nikafungua Biblia bila kuchagua, nikaangukia Yona, yule nabii aliyetumwa Ninawi akakimbilia Tarshishi. Sasa Kakonko ndiyo Ninawi au ndiyo Tarshishi? Na nikiomba "mapenzi yako yatimizwe" najiona mnafiki, maana moyoni natamani kwenda. Siku za kuripoti zinayoyoma. Matusi sitaki.

Mzee_wa_Uyole:
Watu wanasota mtaani na vyeti vyao, wewe unaulizia giza la magharibi. Kama hutaki sema, kuna mpwa wangu hapa ana fizikia pia 😂

Mama_Nai:
Mzee, mwache mtoto aulize.

Mwanangu, kwanza hiyo ya kufungua Biblia kwa kubahatisha iache. Ungeangukia Walawi kwenye sheria za ukoma ungefanyaje? Watu hupenda kumtaja Gideoni na ngozi yake, lakini soma Waamuzi 6 vizuri: alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla ya kutandika ile ngozi. Aliomba ishara kwa sababu ya woga, Mungu akamvumilia.

Pili, tafuta mahali Biblia inaposema wazi "haya ndiyo mapenzi ya Mungu". 1 Wathesalonike 4:3, kutakaswa kwenu. 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Hakuna kituo cha kazi hapo. Hayo unaweza kuyatii Mbagala, na Kakonko pia unaweza. Vijana wetu wanakesha wakitafuta siri ambayo Mungu hajawaambia, na yale aliyoyaandika hawayagusi.

Mlinzi_wa_Zamu:
Dada kuwa makini. Mungu bado anasema na watumishi wake. Usifundishwe kudharau unabii na watu wa dini tu. Endelea na maombi mpaka upate amani moyoni.

Katekista_Songea:
Ndugu Mlinzi, Paulo alisema msitweze unabii, na papo hapo akasema jaribuni mambo yote. Tusikate andiko katikati.

Tena tazama Matendo 21. Nabii Agabo anajifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo, anasema ndivyo atakavyofungwa Yerusalemu. Ndugu wote wanalia, wanamsihi asipande. Unabii ulikuwa wa kweli, na bado Paulo akaenda, nao wakanyamaza wakasema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Basi hata kama mtumishi ameona giza kweli, giza peke yake halimaanishi usiende. Mimi ningemuuliza kwa heshima: ulichokiona ni kipi, na "usiende" ni neno la nani?

Kuhusu unafiki, hapana. Bwana wetu pale Gethsemane hakuficha alichotaka. Alisema kikombe kiniepuke, ndipo akasema "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Na aliomba hivyo zaidi ya mara moja. Sema: Baba, natamani kwenda Kakonko. Ukiona vema, nifungulie. Ukiona si vema, zuia, na unipe moyo wa kukubali. Mnafiki ni yule anayejifanya hana matakwa.

Mlinzi_wa_Zamu:
Sijapinga hilo la Gethsemane. Ila amani ya moyo ni muhimu.

Mama_Nai:
Ni muhimu, lakini Yona alilala fofofo ndani ya meli akiwa anakimbia. Usingizi wake ulikuwa mzuri tu.

Binti_wa_Mbagala:
Asanteni sana. Mama Nai umenichekesha, na umenigusa. Nimeongea na mchungaji kiongozi, yeye anasema hakuna dhambi kwenda kufundisha, na angependa mtumishi amweleze yale maono mbele yake. Swali: nikienda halafu mambo yakawa magumu, si ndiyo nitajua nilikosea?

Katekista_Songea:
Paulo aliitwa Makedonia kwa maono, na alipofika Filipi alichapwa viboko akatiwa gerezani. Matendo 16. Ugumu hauthibitishi kitu.

Mwl_Nyakanazi:
Mwalimu karibu, fizikia huku ni shida. Panda basi la Kibondo, utapita Kahama na Nyakanazi, Kakonko iko kabla ya kufika Kibondo. Vyeti halisi kaa navyo mkononi, usiviweke kwenye buti.