Mpangaji kaacha fremu gofu, leo anadai dipoziti yake yote

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Jana usiku mpangaji wangu aliyehama kanitumia ujumbe: "Naomba dipoziti yangu kamili, tumemalizana salama." Salama ipi? Nimeusoma nikiwa ndani ya fremu hiyohiyo ya biashara aliyoihama, namulika kwa tochi ya simu kwa sababu umeme hakuna. Nyaya kang'oa.

Sizungumzii taa. Taa alinunua mwenyewe, abebe. Nazungumzia nyaya za ukutani alizozikuta. Zimekatwa kwa koleo usawa wa plasta, fundi hana hata ncha ya kushika avutie waya mpya.

Alikuwa na mgahawa. Kwa miaka 4 mafuta ya kukaangia yamemwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto. Yakiwa hivyo yanapita kama maji. Yakifika bomba la chini yanapoa, yanaganda, na kila kinachofuata kinanasia hapo. Tulipofunua chemba ya maji machafu fundi aliyakata kwa sepetu, mapande meupe kama sabuni. Kuta za jikoni nazo ukipitisha kidole kinateleza. Watu wananiambia "piga rangi tu". Rangi gani itashika juu ya mafuta? Lazima ukuta uoshwe kwa dawa, ukauke kabisa, upigwe praima, yaani rangi ya msingi, ndipo rangi yenyewe.

Feni ya kutolea moshi kaichukua, sina neno, ni kifaa cha biashara yake. Lakini ukiondoa chako unaziba tundu ulilotoboa. Yeye kabandika kipande cha boksi, akakipaka rangi ya ukuta. Nimekisukuma kwa kidole, nikaiona barabara ya nje. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu aliyesahau hapaki rangi.

Na msiniletee habari za "mwenye jengo abebe uchakavu". Uchakavu naubeba! Rangi kufifia, vigae kuchunika pale mlangoni, bawaba kulegea, hayo ni yangu na ndiyo maana nilikuwa napokea kodi. Kukata nyaya si uchakavu.

Notisi nilimpa kwa maandishi, miezi 3. Nikamwomba tukague pamoja kabla hajatoka, kila siku ana safari. Siku ya mwisho kahama usiku, funguo kamwachia mlinzi. Bili ya maji hajalipa, na mita ni ya jengo zima, kwa hiyo watakaokatiwa maji ni wapangaji wenzake wasio na kosa.

Kaacha pia friji bovu, viti na magunia. Kila anayepita ananiambia tupa. Thubutu! Nikitupa leo, kesho atasema kwenye gunia kulikuwa na fedha. Nimeviorodhesha mbele ya shahidi, nikapiga picha, nikamwandikia barua yenye tarehe ya kuja kuvichukua. Ndiyo maana pia sikuwahi kumfungia kufuli hata alipochelewesha kodi, maana ukifunga kibabe bila amri ya mahakama, kesi inakugeukia wewe mwenye haki.

Kosa langu lipo, nalisema ili mwingine asilirudie. Mkataba unasema atarudisha fremu "katika hali nzuri", basi. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna picha ya siku aliyoingia. Sasa kila tundu anasema alilikuta. Kilichoniokoa ni fundi umeme aliyepitisha nyaya mpya mwezi mmoja kabla yake. Risiti bado anayo na yuko tayari kusimama nami.

Dipoziti anayoililia ni kodi ya mwezi 1. Haitoshi hata kazi ya chemba na nyaya. Na mpangaji mpya aliyekuwa anasubiri kachoka, kaenda kwingine.

Nimemjibu leo asubuhi: kila kazi na gharama yake, risiti na picha zake, na kiasi anachonidai au ninachomdai baada ya hapo. Kesho saa 3 anakuja kuchukua vitu vyake. Nimemwambia aje na shahidi, wangu ninaye.