Nyumba ndogo ya uani (ile ya matofali): tupeane uzoefu wa ramani na kibali

Baba Wawili

Wakuu, najua wapo waliokimbilia hapa baada ya kuona "nyumba ndogo" wakidhani kuna umbea. Poleni. Nazungumzia ya matofali: chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani, nyuma ya nyumba kubwa.

Kiwanja changu kimepimwa, mita 20 kwa 30. Nyumba kubwa iko mbele tangu 2012, niliijenga kwa kibali. Mwaka jana bi mkubwa, mama yangu, alianza kusumbuliwa na magoti huko Korogwe, tukakubaliana na wadogo zangu aje kwangu. Chumba cha wageni hakitaki. Anasema hawezi kukaa kwa mkwewe akisikiliza televisheni ya watu mpaka saa sita usiku. Anataka mlango wake na jiko lake.

Nikamwita fundi. Akachora kwenye karatasi ya daftari, akasema, "Bosi, wiki sita tu bibi anahamia." Nikamuuliza habari ya kibali. "Si unacho?" Kweli ninacho, cha nyumba kubwa. Nikajiambia kiwanja si kilekile?

Jumamosi tukachimba msingi, Jumatatu tofali zikapanda kozi mbili. Jumatano natoka kazini nakuta ukuta wa geti umeandikwa STOP kwa rangi nyekundu na karatasi ya wito imechomekwa mlangoni.

Ofisini nikaelezwa kwamba kibali cha 2012 ni cha lile jengo lililochorwa mwaka 2012, basi. Wakataka nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka huu, michoro ya nyumba mpya, na mchoro wa kiwanja kizima ukionyesha nyumba iliyopo, inayokuja, geti na karo (tangi la majitaka). Nikaona haya ni makaratasi tu, nitayapata. Kilichonimaliza ni swali la bwana afya alipokuja kukagua. Alizunguka uani, akasimama juu ya mfuniko wa karo, akaniuliza, "Likijaa hili, mzee, bomba la gari la majitaka litapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Karo na shimo la kunyonya viko nyuma kabisa, na msingi wangu mpya ulikuwa umeziba njia yote isipokuwa sentimita 90 za fundi kupitisha toroli. Gari lenyewe lingebaki barabarani, na bomba lingepita dirishani kwa bi mkubwa.

Faini nimelipa. Nachora upya. Mliopitia haya leteni, nami nijue yaliyo mbele yangu.

Tofali Sita

Pole mkuu, ila wewe una bikoni (alama za mipaka za wapimaji). Mimi nilinunua eneo ambalo halijapimwa, nikawa na leseni ya makazi na karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa mjumbe. Mpaka wa kaskazini umeandikwa "mwembe". 2016 nikajenga chumba na sebule uani nipangishe. Mwembe wenyewe ulishakatwa kuni siku nyingi, kila mtu anaukumbuka pale panapomfaa.

Urasimishaji, yaani kupimwa maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ulipofika mtaani kwetu, wapimaji wakaja na mashine yao. Jirani na mimi tumesimama, mwenyekiti wa mtaa yupo, wapangaji wanachungulia. Bikoni ikaangukia ndani ya choo cha mpangaji wangu. Ndani kabisa, karibu na ndoo.

Hatukufika mbali. Jirani alikubali tuumalize nyumbani: nikabomoa choo, nikakijenga upande wa pili, na ukuta uliobaki nikauziba dirisha kwa sababu lilikuwa linatazama uani kwake. Lakini ugomvi wa kweli, mtashangaa, haukuwa choo. Ulikuwa maji ya bati. Paa langu lilikuwa linamwaga kwake kila mvua, na yeye alikuwa amevumilia miaka minne bila kusema. Wekeni gata mapema.

Mbali na Nyumbani

Niko Sacramento, California. Mama mkwe alikuja 2021 tukamjengea nyuma ya nyumba yetu. Huku serikali ya jimbo imeyalegeza haya makusudi kwa sababu ya uhaba wa nyumba. Tangu Januari 2020 jiji lina siku 60 kukujibu ombi likishakamilika, haliwezi kukulazimisha uache zaidi ya futi 4 (kama mita moja na robo) ubavuni na nyuma, na nyumba ikiwa chini ya futi za mraba 750 unasamehewa zile ada kubwa za miundombinu. Nikafurahi, nikajua imeisha.

Kibali kweli kilitoka. Pesa ikaliwa na vitu ambavyo sikuviweka kwenye hesabu. Paneli ya umeme ya nyumba kubwa ilikuwa ya ampea 100, haikutosha nyumba mbili, ikabidi ibadilishwe. Halafu mtaro wa bomba la majitaka kutoka nyuma hadi barabarani, ukikata katikati ya sakafu ya zege ya maegesho ambayo nilikuwa nimeimwaga mwenyewe mwaka mmoja kabla. Niliikata kwa mashine huku nalia.

Kwa hiyo Baba Wawili, majitaka ni majitaka kotekote.

Rula na Penseli

Nachora ramani kwa riziki, niseme ninayoyaona. Mteja anakuja na picha ya nyumba kwenye simu: "Nitengenezee kama hii." Namuuliza kiwanja chake kina nini tayari, anakasirika. Mchoro wa kiwanja ndio wa kwanza. Pima nyumba iliyopo, pima karo, pima kisima kama kipo, ndipo ujue mpya inakaa wapi na ina ukubwa gani. Wengi wanagundua hapo kwamba vyumba viwili haviingii, kimoja kinaingia.

Lingine: msiandike "stoo" au "banda la kuku" kwenye mchoro ili lipite haraka. Kuku wenye dirisha la aluminiamu na kopo la choo mkaguzi anawajua.

Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unaona kwenye simu ombi limefika wapi. Mkaguzi bado anakuja kwa miguu, mpokeeni. Na mlio kando ya barabara kuu, hata mkiwa na nafasi mbele msiiguse: kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

Mama Chanja

Mimi kibali hakikunisumbua, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ndiyo. Tulianza na mita moja kwa nyumba mbili. Mdogo wangu anapika kwa umeme, mimi kwa gesi, kila mwisho wa mwezi tunanuniana. Nikafunga submita, naye akasema submita inakimbia. Mwishowe tukaomba mita ya pili. Hapo ndipo nikajua kwamba kodi ya jengo ile ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU imeanza kukatwa kwenye mita zote mbili. Nendeni na namba za mita zote mkaulize mapema, msingoje kushangaa.

Ila tumepatana. Anipikie ugali, nimlipie king'amuzi.

Baba Wawili

Nimerudi. Nimesoma yote, na hilo la maji ya bati limenipeleka kwa jirani jioni ileile, tumekunywa chai.

Mchoro mpya umeisogeza nyumba mita tatu kulia, sebule imepungua, njia ya kwenda kwenye karo ipo. Bi mkubwa nilimwonyesha kwenye simu, akaivuta picha mpaka ikawa jiko peke yake, akauliza mlango unafungukia wapi. Kibali kimetoka Ijumaa. Ule msingi wa kwanza nimeufukia, isipokuwa kona moja anayosema nimwachie apande mchicha.