Maktaba, televisheni au baraza la nyumba: masomo ya ziada bila malipo kwa watoto wa Mbagala

Mlezi wa Mbagala
Habari za jioni, ndugu zangu. Mtaani kwetu wapo watoto 12 wa darasa la tatu hadi la tano ambao wazazi wao hawamudu tuisheni. Michango ya lazima shuleni ilifutwa mwaka 2016, lakini tuisheni imebaki kuwa ya mwenye nacho. Nimefikiria kuwapeleka Maktaba Kuu ya Taifa kila Jumamosi, kuwakusanya watazame katuni za masomo za Ubongo Kids kwangu, au kuketi nao barazani kwa muda wa saa moja kila siku pamoja na binti yangu aliyemaliza kidato cha sita. Mngeanza na ipi?

Mwalimu Mstaafu
Uliza kwanza kila mtoto yuko mkondo gani, wa asubuhi au wa mchana, kwa sababu katika shule zenye mikondo miwili mtoto wa mchana hurudi nyumbani jua likikaribia kuzama, naye "baada ya shule" yake ni asubuhi. Pili, usiwapange kwa madarasa. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipowapima watoto wakubwa kwa hadithi na hesabu za kiwango cha darasa la pili, walikuwa na sababu: darasa alilomo mtoto halikuambii anachokijua. Mpe kila mmoja aya fupi aisome kwa sauti, kisha uwagawe kwa jinsi wanavyosoma. Kazi hiyo haifanywi na televisheni wala rafu ya vitabu, ndiyo maana mimi nachagua baraza.

Msomaji wa Upanga
Naipenda Maktaba Kuu, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na utulivu wake haupatikani uswahilini. Hata hivyo, kuwapandisha watoto 12 daladala kutoka Mbagala, huku makonda wengine wakiwakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, kutakuchosha kabla ya Jumamosi ya tatu.

Mkazi wa Muheza
Mmesahau tabuleti. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio katika vijiji vya mkoa wetu wa Tanga, na mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi kwa programu za Kiswahili zinazomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Programu zenyewe zilitolewa bure. Gharama ni kifaa na umeme. Kwa watoto 12 wenye simu moja, ugomvi utazidi masomo.

Mama Wawili
Wanangu walihudhuria kituo kimoja cha bure ambacho wageni walipokuja watoto walipigwa picha, na wageni walipoondoka mlango haukufunguliwa tena. Kwa hiyo ahidi siku chache unazoziweza. Na kikombe cha uji kiwepo, kwani wengine hutoka shuleni hawajatia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Mlezi wa Mbagala
Nimepita nyumba kwa nyumba: wanane wako mkondo wa mchana, na wawili kati yao huenda madrasa asubuhi hadi saa tatu. Tutaanza barazani Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu na nusu kwa hao wanane na saa kumi jioni kwa wanne waliobaki. Ubongo Kids watatazama mwisho wa wiki, na maktaba ataenda binti yangu peke yake kuulizia utaratibu wa kuazima vitabu. Unga wa uji nimeshaahidiwa na jirani, natafuta sukari.