Wenye hedfoni za mamilioni, maoni yenu yanatuumiza sisi wa mikoani

Wakuu habari za usiku. Uzi huu nauandika nikiwa nimekasirika, kwahiyo wale wazee wa "punguza jazba mkuu" waende jukwaa la mpira mapema, huku hapawafai.

Malalamiko yangu ni kwa nyie wenye hedfoni za bei mbaya. Siyo kampuni, siyo wauzaji (hao nao nitawagusa), ni nyie wamiliki mnaokuja kutoa maoni. Mtu anauliza kistaarabu kabisa, jamani nina laki saba nataka hedfoni ya kusikilizia muziki nyumbani, mnamvamia wote kwa pamoja "chukua hiyo hutajuta", "sauti tamu balaa", "utasikia mpaka mpiga gitaa anavyovuta pumzi". Sasa hiyo pumzi ya mpiga gitaa mimi niifanyie nini? Unasikilizia kwenye simu gani, una amplifaya au huna, zina gramu ngapi kichwani, zinavujisha sauti au hazivujishi, pedi zikichoka unazipata wapi, hamna anayesema. Ukienda Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kununua samaki hata muuzaji muongo kuliko wote atakutajia kilo kwanza ndo aanze kukudanganya mengine, nyie hata kilo hamtaji.

Mimi nilichukua HD 650 za Sennheiser, used, kwa jamaa mmoja wa Dar, zikaja na basi. Hedfoni zenyewe sina ugomvi nazo, zimetoka 2003 na mpaka leo watu wanazigombania, hilo sibishi na wala msije kunijibu kuhusu hilo. Shida ilianza pale nilipofuata maneno yenu. Simu yangu ni Android ya kawaida, haina tundu la hedfoni kama nyingi za siku hizi, nikatafuta kale kawaya ka Apple ka Type-C ka kuunganishia hedfoni kwenye simu, ambako humu mnakaimba kila siku, "kanatosha mkuu, dola 9 tu, usihangaike na amplifaya". Nikachomeka, nikaweka dansi za zamani zile zilizorekodiwa Redio Tanzania (RTD), volumu mpaka mwisho, na bado feni ya mezani inaishinda. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Nikampigia jamaa wa Dar tukatukanana vizuri tu, kumbe kwa hilo hana kosa masikini (kosa lake lipo, linakuja).

Usiku ule ndo nikaanza kuchimba mwenyewe. HD 650 zina ohm 300 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), maana yake zinataka volti za kutosha ndo zipige kelele. Na kale kawaya kakiwa kwenye iPhone kanatoa kama volti moja hivi, ila ukikachomeka kwenye Android nyingi kanabanwa, volumu haifunguki yote, hili ni tatizo linalojulikana miaka mingi. Kwahiyo nyie mliokuwa mnakasifia wote mna iPhone! Na hakuna hata mmoja aliyeona umuhimu wa kuandika neno iPhone kwenye maoni yake. Mwanza hii ukisimama stendi ya Nyegezi ukahesabu simu zinazopita, hizo iPhone utaziona za kutafuta.

Halafu kingine, mnapimia kwa nyimbo gani? Bongo fleva za sasa na singeli zinabanwa zikapandishwa sauti studio mpaka mwisho wa uwezo, kwahiyo hata simu dhaifu inazipiga. Rekodi za dansi za miaka ya 70 sauti yake iko chini, sehemu za kuimba taratibu ndo kabisa. Mtu wa singeli anasema sauti inatosha, mtu wa dansi anasema hamna kitu, na wote wanasema kweli, ila ukisoma maoni huwezi kujua nani ni nani maana kila mtu kaandika "sauti iko poa sana" kaondoka zake.

Sasa upande wa pili wa humu humu kuna waheshimiwa wao kila hedfoni ni "lazima ununue amplifaya ya milioni mbili la sivyo unaua uhai wa draiva" (kale kaspika ka ndani ya hedfoni). Uhai gani? Sennheiser wenyewe wanaandika kwamba HD 650 ukizipa volti moja zinafika desibeli 103. Desibeli 103 ni za kukuua masikio, WHO wanasema desibeli 80 zenyewe usizidishe masaa 40 kwa wiki. Kwahiyo kinachotakiwa ni kifaa kidogo kinachotoa volti mbili, vipo vya saizi ya flashi, basi, siyo lile dude la kupasha chumba joto mnalopiga picha na glasi ya wine pembeni.

Na msije mkakimbilia "mkuu angalia ohm zikiwa ndogo simu inatosha", hiyo nayo ni nusu ya ukweli inayopoteza watu. HE-6 za HiFiMan zilikuwa na ohm 50 tu, ukisoma unasema ah hizi laini, kumbe usikivu wake, yani sauti inayotoka kwa umeme unaozipa, ni desibeli 83.5 kwa miliwati, yani zinakula umeme kuliko karibu kila hedfoni, watu walikuwa wanazifunga kwenye amplifaya za spika kubwa. Namba ni mbili, ohm na usikivu, zote ziko kwenye karatasi ndani ya boksi lako. Unashindwa nini kuzinakili?

Kuna hili la DT 770 ndo linanitia hasira kuliko yote. Beyerdynamic DT 770 Pro zinatoka kwa ohm 32, ohm 80 na ohm 250. Jina moja, umbo moja, hedfoni tatu tofauti. Nimesoma maoni humu mpaka macho yanauma, "nina DT 770 nazielewa sana", "DT 770 mbona zinapiga chini chini", "DT 770 besi kama sabufa", aliyetaja ohm zake labda mmoja kwa kumi. Sasa mnabishana nini kama kila mtu ana kitu chake?

Tuje kwenye mgongo wazi. Hedfoni nyingi za hao wajuzi, HD 600, HD 650, HD 800, zile za Grado za Brooklyn, Focal Utopia iliyotoka 2016 kwa dola karibu 4,000 (milioni kumi na kitu hiyo wakuu, kiwanja Buhongwa), zote zina mgongo wazi. Nyuma ya draiva kuna wavu tu, ndo maana muziki unasikika kama uko nje ya kichwa, hiyo raha ni kweli ipo. Lakini wazi ni wazi, sauti inatoka na sauti inaingia. Mimi nakaa Mabatini. Upande huu kuna baa, upande huu kuna kanisa la mkesha, katikati kuna jirani mwenye sabufa anayeamka nayo, na mvua ikipiga bati ndo usahau. Nyie wa Capri Point wenye madirisha ya vioo vizito na utulivu wa ziwa mnaandika "zinakupa nafasi kubwa ya sauti, unahisi uko ukumbini", mimi nahisi niko kwenye mkesha maana nauskia wote. Na mama watoto naye kalala hapo hapo anasikia nyimbo zangu zote kwa kimluzi, kashaniuliza hii laki saba yote ndo redio ya kuvaa kichwani? Kijana mwingine alishauriwa humu achukue Grado za kusikilizia kwenye daladala na feri ya Kamanga! Abiria wote watasikiliza na wewe, yeye injini ya feri itamshinda. Mtu wa safari mwambie achukue za mgongo uliofungwa, imeisha.

Uzito na joto hamuongelei kabisa. LCD-X za Audeze zina gramu 612, HD 650 zina gramu kama 260. Zaidi ya mara mbili, kichwani, masaa matatu usiku chumba kina joto, pedi za ngozi zinalowa jasho. Nimeona mmiliki mmoja ameandika aya nne za "umbile la besi", shingo yake hajaitaja.

Sasa kosa la jamaa wa Dar. Aliandika "A1, haina hata mkwaruzo". Kweli mkwaruzo haukuwepo, ila pedi zimelala chapati kabisa, na HD 650 pedi zikilala sikio linasogelea draiva na sauti inabadilika, siyo urembo ule. Kwahiyo hata yale maoni yake ya "besi tamu sana" ni ya pedi zilizokufa, hajui zikiwa mpya zinapigaje. Na humu watu wenye HD 650 za miaka sita saba wanatoa maoni na pedi zile zile, hamna anayesema nimebadilisha au sijabadilisha. Nikazunguka maduka ya Makoroboi yote mpaka Rwagasore, kila ninapouliza pedi natolewa eafoni za elfu tano. Nikaenda kwa fundi anayeshona viti vya gari, jamaa mkono wake mzuri sana akanitengenezea pedi za ngozi nyeusi imara za kudumu mpaka wajukuu, nikavaa, besi imefura mpaka waimbaji wamezama. Zile za kiwandani ni kitambaa cha manyoya manyoya chenye kupitisha hewa, ngozi inafunga hewa yote, sauti inakuwa ya hedfoni nyingine. Fundi hana kosa, kashona vizuri alichoombwa. Pedi za kuagiza nje ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT inakuwa maumivu, na hiyo gharama ndo ya kwanza kutajwa kama kweli unamshauri mtu wa mkoani.

Mambo ya waya wa madini ya fedha sitayamaliza leo. Waya mzima ukinzani wake haufiki hata ohm chache, hedfoni ina ohm 300, halafu mtu anasema kabadilisha waya wa laki nne "giza limeondoka". Na "ziache zipige masaa 200 zifunguke" ni maneno ya kukufanya upitishe muda wa kurudisha mzigo. Mwingine anasifia faili za biti 24 (muziki wa ubora wa juu) wakati skrini aliyopiga picha inaonyesha yuko YouTube. Jamani.

Nawapa na hii mkalale nayo: 2017 mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedfoni 283 za bei za kila aina, akaangalia kama bei inaendana na jinsi zinavyogawa sauti za chini (besi), za kati na za juu (trebo). Haiendani. Haimaanishi za bei ghali ni mbaya, inamaanisha bei peke yake haikwambii kitu, kwahiyo maoni ya "kwa bei hii lazima iwe kali" ni hewa. Lakini humu uzi wenye kurasa nyingi kuliko zote ni wa kubishania HE 1 ya Sennheiser, dude la zaidi ya dola 50,000, na sidhani kama kuna mbishani hata mmoja aliyewahi kuligusa.

EDIT: Naona mshaanza. Anayesema "kama huna hela nyamaza", hela nilikuwa nayo ndo maana imeondoka. Anayesema nihamie Bluetooth, soma tena uzi taratibu. Na wewe mkuu wa "sauti haielezeki kwa namba", sawa, sauti haielezeki, gramu je? Ohm je? Jina la simu yako nalo halielezeki?

EDIT 2: Kuna mkuu wa Bukoba kaandika vizuri sana hapo chini, kataja HD 600 zake, kifaa anachotumia, kwamba anasikiliza kwaya na taarabu usiku tu kwa sababu mchana kuna mashine ya kusaga, pedi kabadilisha lini na kwa bei gani. Mistari mitano tu. Nimeelewa kuliko kurasa zenu zote, na wala hajasema "hutajuta".

Mwenye pedi orijino za HD 650 huku Kanda ya Ziwa aseme hapa hapa na bei aiandike hapa hapa. Ukiniambia "njoo inbox upate bei" nakutag kwenye uzi unaofuata.