Ruwaza za usanifu wa mifumo mikubwa: kitabu, katalogi za bure au kozi za video?

mjenzi_kimya: Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa waliopita njia hii. Ruwaza, yaani suluhisho zenye majina kwa matatizo yanayojirudia kwenye programu, si ngeni kwangu: zile 23 za kitabu cha 1994 cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides nazifahamu. Sasa niko kwenye timu inayotunza mfumo wa oda na maghala, na matatizo ninayokutana nayo hayamo mle: watu wawili wanahariri oda moja kwa wakati mmoja, ujumbe uleule unafika mara mbili, kanuni za biashara zimetawanyika kila mahali. Nianze na kitabu cha Martin Fowler, nisome katalogi za mtandaoni, au nitafute kozi ya video?

fundi_mifumo: Fowler, bila kusita. *Patterns of Enterprise Application Architecture* ni cha 2002 na mifano yake ni ya Java na C#. Usikubali kuambiwa kimezeeka, maana hifadhidata na miamala (mabadiliko ya data yanayofanikiwa yote au kufutwa yote) tunayo hadi leo. Sehemu ya kwanza isome mfululizo. Ya pili ni katalogi, unaifungua ukiwa na shida mkononi. Muhtasari wa kila ruwaza uko bure kwenye tovuti yake, ila ni mchoro na maelezo mafupi tu. Kinachokosekana pale ndicho chenye thamani kubwa: lini uitumie na lini uiache. Mimi chanzo kisichonieleza lini niache sikipi muda wangu.

binti_seva: Naheshimu hoja ya fundi, lakini kwa anayeanza kile kitabu ni kizito, kwa sababu kila ruwaza imesimama peke yake. Mjenzi, tazama *Architecture Patterns with Python* cha Percival na Gregory, 2020. Kinasomeka bure mtandaoni na msimbo wake uko GitHub. Kinajenga mfumo mmoja tangu mwanzo, wa kugawa bidhaa za ghala kwa oda, yaani karibu kabisa na kazi yako. Unaona ripozitori, yaani tabaka la kusoma na kuhifadhi data, ikiingia ili kanuni za biashara zisitegemee hifadhidata, kisha safu ya huduma inayoratibu kila kazi ya mtumiaji, kisha Unit of Work inayokusanya mabadiliko ya kazi moja. Sura nyingi zina jedwali la faida na gharama, kwa hiyo hata sharti la fundi linatimia.

mjenzi_kimya: Asante dada. Ila sisi tunaandika Java.

binti_seva: Hiyo ni faida. Soma sura, funga, andika upya kwa Java. Ukifika kwenye Unit of Work utagundua kwamba sesheni ya Hibernate, ile maktaba ya Java ya kuunganisha vitu vya msimbo na hifadhidata, tayari inakufanyia kazi hiyo: inakumbuka vitu vilivyobadilika na kuviandika kwa pamoja. Hapo ndipo utaelewa chombo unachotumia kila siku.

mlinzi_wa_foleni: Suala la ujumbe kufika mara mbili hamjaligusa. Hilo ni la Hohpe na Woolf, *Enterprise Integration Patterns*, 2003, ruwaza 65. Tovuti yao ina muhtasari wa zote pamoja na alama zake za kuchorea. Unachokitafuta kinaitwa Idempotent Receiver: mpokeaji anahifadhi namba ya kila ujumbe alioushughulikia, ukirudi anauacha. Ila namba hiyo iandikwe ndani ya muamala uleule unaobadilisha oda. Ukiitenga, seva ikizima katikati utakuwa na namba bila kazi, au kazi bila namba. Ukitaka kuona ruwaza hizo zikitembea, Apache Camel, maktaba ya Java ya kuunganisha mifumo, inatekeleza nyingi kwa majina yaleyale, ingawa hii inaiita Idempotent Consumer.

Kwa huduma ndogondogo (microservices, mfumo uliogawanywa kuwa programu ndogo zinazojitegemea), tovuti ya microservices.io ya Chris Richardson inatosha kuanzia. Na katalogi ya Microsoft ya ruwaza za wingu iko wazi kwa wote. Kila ukurasa unataja mambo ya kuzingatia na mahali ambapo ruwaza haifai. Nyingi zinafaa hata kama hutumii wingu lao.

mjenzi_kimya: Na video?

fundi_mifumo: Nzuri kumtazama mtu akipangua msimbo mchafu hatua kwa hatua. Kwa rejea hazifai, ni vigumu kutafuta neno ndani ya saa nzima ya maongezi.

mjenzi_kimya: Basi naanza na kile cha bure cha 2020, Fowler nikimfungua kwa shida maalumu. Ya kwanza ni hii ya watu wawili kuhariri oda moja.

fundi_mifumo: Tafuta Optimistic Offline Lock. Kila rekodi inabeba namba ya toleo, na unaposasisha unaweka sharti kwamba namba bado ni ileile. Ikiwa mwenzako ametangulia, hakuna rekodi itakayoguswa, na mtumiaji wako unamweleza. Angalia jambo moja: namba hiyo lazima iende na fomu hadi kwa mtumiaji na irudi nayo. Ukiisoma upya wakati wa kuhifadhi, utapata ya mwenzako, sharti litapita, na mabadiliko yake yatafutika bila mtu kujua.